Uzi wa Ijumaa

Injini imekubali. Tangi limerudi rangi yake,
damu ya mzee, tabaka saba,
nililisugua kwa maji na msasa
hadi uso wangu ukatokea mle ndani ukinicheka.
Majira matatu ya baridi bandani, nje kidogo ya Třebíč,
vidole vikifa ganzi juu ya spana,
na sasa pikipiki nzima imesimama
na haina pa kukalia.

Nani angedhani makalio yatanisumbua
kuliko kabureta?

Katalogi ya mwaka hamsini na mbili inasema:
tandiko la mtu mmoja, umbo la peasi,
springi mbili nyuma, ngozi nyeusi, uzi mweusi.
Hynek Stuchlík, muuza vipuri vya gulio la Jumapili,
akaniletea lililotengenezwa juzi, sponji tupu.
"Nani atajua?"
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
nikawaza, wala ya pikipiki.
Nikamrudishia. Akacheka, akapandisha bei ya jingine.

Nimepima. Nimepima mpaka usingizini:
kutoka tundu la boliti hadi tundu la boliti,
kimo cha springi mtu akipanda,
kimo chake akishuka.
Nimekikataa kiti kirefu cha watu wawili,
kimeumuka vizuri kama mkate wa asubuhi,
kwa kosa la kuzaliwa mwaka hamsini na sita.
Kimechelewa miaka minne.
Miaka minne! Radka, mke wangu, akaniuliza
kama na yeye nimemkagua tarehe.

Ndipo nikayafunga mabaki ya tandiko la zamani
kwenye gazeti, nikampelekea Bibi Hrdličková,
aliyekuwa akishona viti kiwandani
tangu ana miaka kumi na saba.
Ghorofa ya nne, lifti mbovu, paka wawili
na harufu ya kabichi.
Katalogi yangu hakuigusa.
Aliinusa ngozi.
Akatia kidole kwenye mpasuko, akavuta singa za farasi,
akazifikicha taratibu
kama apimaye unga sokoni.

"Hili la Ijumaa."

Ijumaa?

"Tazama uzi. Huku mweusi. Huku nyuma, kahawia.
Mweusi ulikuwa ukiisha Alhamisi jioni,
na msimamizi alihesabu viti, hakuhesabu rangi.
Basi tulishona kwa tulichonacho,
na mshono wa aibu tukauweka nyuma kabisa,
mnunuzi aukalie."

Nikainamia dirishani. Miaka sitini ya vumbi na jasho,
nami niliyejiita mjuzi nilidhani ni kuchujuka tu.
Kweli: hatua nane nyeusi, kisha kahawia,
hatua ndogo ndogo, za mkono wenye haraka
ya kuwahi basi la saa kumi.

Mwezi wa tano kutakuwa na maonyesho.
Mwamuzi atachuchumaa, kalamu sikioni,
na vitabu vyote atakavyobeba vitasema nyeusi.
Kwangu mimi patakuwa na kidole gumba
cha mwanamke mmoja, chenye sugu.

"Sasa nikushonee vipi?" aliuliza.
Nikameza mate. Nikasema: kama lilivyokuwa.
"Leo siku gani?"
"Jumanne."
Akanirudishia kofia yangu.
"Basi njoo Ijumaa."

Nikaja Ijumaa. Theluji ilikuwa imegeuka tope.
Juu ya meza: sindano iliyopinda, donge la nta,
kidonge kimoja cha uzi wa kahawia,
na paka amelala juu ya katalogi.

Mwamuzi alikata alama mbili.
Aliandika sababu kwa mwandiko mzuri sana.
Nilimshukuru, nikapiga kiki mara tatu, ikawaka,
na zile alama mbili
nikazikalia mpaka nyumbani.