Gumegume

Shemeji Harlan alikufa Oktoba,
akaacha lori, madeni mawili, mbwa kiziwi,
na boksi la viatu lenye bastola isiyokuwa bastola bado:
mtutu uliofungiwa gazeti la Harrisburg,
mtambo wa jiwe na chuma, wa kizamani,
na kitako cha mjozi kilichochongwa nusu,
kama samaki aliyeparwa ubavu mmoja.

Idella akaliweka juu ya meza yangu, chini ya nyumba.
"Wewe ni mtu wa mikono," alisema. Hakuongeza.
Huu mwaka wa tatu tangu kiwanda cha mabehewa kifungwe,
na kwao, wakikaa kumkata bata mzinga,
najua jina langu ni lile lile la silaha hii.

Basi nikawasha utambi wa mafuta ya taa,
nikaupitisha mtambo juu ya moshi
hadi uso wake ukawa mweusi kama sufuria ya matanga.
Nikaulaza kitandani mwake, nikaubana kwa kiganja, nikautoa.
Pale mti ulipochafuka ndipo unapokataa.
Masizi hayasengenyi. Husema mbele yako: hapa. Na hapa.
Unakwangua cheusi peke yake,
utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
kisha moshi tena, kiganja tena, doa tena.
Tupa ina jina baya: ilichokitupa hakiokotwi.
Na chuma hakichumwi kwa pupa.

Usiku wa nne nikaiona mikwaruzo yake.
Imelalia upande usio wangu.
Nilikuwa nimesahau: Harlan alikuwa mashoto.
Miaka ishirini meza moja, viwiko vikigongana,
kila mmoja akidhani mwenzake anakusudia.

Na chini kabisa, springi inapojificha,
nikakuta kiraka.
Alizidisha patasi, akachonga ukucha wa mjozi, akaubandika,
akafuata mishipa ya mti hata jicho likadanganyika.
Jicho. Siyo kidole.
Hakumwambia mtu. Amwambie nani?
Mimi, niliyemkosoa hata namna ya kukunja ramani?

Ningeweza kukibandua, niweke changu, kizuri zaidi.
Nilishika patasi muda mrefu.
Theluji ilikuwa imekwishaziba nusu ya kidirisha,
na mbwa wake, ambaye sasa ni mbwa wetu,
alikoroma juu ya viatu vyangu.

Nikakiacha.
Nikapunguza ukuta wa pili,
unywele, nusu unywele,
hadi mtambo ukazama
kama mzee anayeingia beseni la maji ya moto,
polepole, akishusha pumzi.
Haukulia. Ulinyamaza tu.
Nimeshika vyuma miaka thelathini na mmoja:
ukimya wa namna ile haununuliki.

Idella alishuka na kahawa.
Akakipokea kitako, akapitisha kidole
mpakani mwa chuma na mti, akitafuta ufa.
Akarudia.
"Ni kazi yake au yako?"
Nikamwonyesha mkono wa kushoto, halafu wa kulia,
kama mtoto anayekaguliwa kucha.
Akacheka, kisha hakucheka,
akakaa kwenye ndoo ya rangi, akanywa ile kahawa yangu.

"Utaipiga?"
Labda. Theluji ikiyeyuka,
kule bondeni nyuma ya ghala la Stoltzfus,
kopo moja, mlio mmoja, moshi mwingi, basi.
Au nisiipige.
Hakuna aliyeniagiza, hakuna anayeisubiri,
na sijui kwa nini jambo hilo linanipa usingizi.

Kwa sasa kikingio cha kifyatulio hakijakaa,
na skrubu ya mkiani inabisha,
inabisha vile vile alivyokuwa akibisha yeye:
kwa upole, bila kusogea.

Nikairudisha jiliwani.
Nikatafuta kiberiti.