Uzito wa Gari Tupu

Miaka kumi na moja nimepima malori Makambako:
shaba inayoshuka, mbolea inayopanda,
mbao za Mafinga zikinuka utomvu.
Ekseli ya kwanza. Ya pili. Simama hapo, usiguse breki.
Gari lililoshiba nalijua kwa mlio tu.
Wala sikuwahi kumwambia dereva yeyote
kwamba aliyemo kibandani, nyuma ya kioo,
naye amezidisha.

Mia na thelathini na moja.
Daktari aliandika bila kuinua uso,
akapiga mstari chini yake, kama mimi nipigavyo faini.

Basi nikashusha.
Miezi ishirini na miwili, kidogokidogo,
soda kwanza, kisha chipsi za stendi,
kisha ule ugali wa pili
unaoliwa wima, jikoni, taa imezimwa.
Alfajiri nilitembea hadi relini na kurudi,
ukungu ukinificha (ahsante, ukungu)
na upepo wa Makambako, usio na adabu,
ukinisukuma mgongoni kama mdai.

Sabini na mbili.
Kwaya ikapiga vigelegele. Halafu ikanong'ona:
Atuganile anaumwa, mwangalieni shingo.
Mama Ngailo akaja na chupa ya maziwa na sala ndefu,
akauliza kwa upole kama dawa nazipata.
Nikajibu nazipata, mbili kila siku:
mguu wa kulia, mguu wa kushoto.
Hakucheka.

Habari ya ngozi hakuna aliyenipa.

Mwili uliondoka ukaacha nguo zake.
Tumbo limenilalia mapajani
kama paka mzee asiyetaka kuhama.
Nikiinua mkono kumpungia dereva apite,
nyama ya chini ya mkono huendelea kupunga yenyewe
hata gari likishakata kona ya Njombe.
Usiku wa Julai naikuta ngozi hiyo ya baridi,
baridi ya kitu kilichosahauliwa nje,
nami naikunja, naichomekea ndani ya suruali
kama shati la mwanafunzi.
Kwenye mikunjo poda,
na kipande cha khanga kuukuu kisichokwaruza.
Mafuta ya parachichi nimejipaka debe zima.
Nanuka kachumbari, basi.

"Inakatwa," alisema daktari. "Dar."
Akataja bei.
Nikaigeuza kuwa mahindi: magunia, magunia,
shamba la baba, na la jirani yake, na bado.
Nikamshukuru. Nikadaka basi la jioni.

Lusajo huzima taa kabla sijavua.
Alidhani ananisitiri. Nami nilidhani hivyo
mpaka juzi, nilipoiwasha.
Tukatazamana kama wageni kwenye foleni ya benki.
Kisha akauliza: "Kovu la Subilaga liko wapi?"
Akalitafuta kwa kidole, pale lilipozoea kuwa, halipo,
akashuka, akashuka,
akalikuta limehamia bondeni, limejikunja.
"Kumbe uko huku," akaliambia.
Sikujua nilie au nizime taa.
Nilifanya vyote.

Jana lori likaja tupu kutoka Dar, linarudi Kongo,
turubai likijipiga makofi njia nzima.
Nikamwambia dereva: lifunge hilo.
Akasema: "Kamba ninazo, dada. Cha kulikazia ndiyo sina."
Nikacheka kibandani mpaka Mgaya akaniuliza kama ni mimi.

Saa tisa usiku, foleni imekatika,
nikatoka nikasimama katikati ya mizani,
mimi na koti langu na vyote nilivyobaki navyo.
Mizani ile husoma ishirini kwa ishirini.
Zamani, nilipojaribu kwa siri, iliandika mia na arobaini.
Sasa: themanini.
Nikaikusanya ngozi ya tumbo kwa mikono miwili,
nikainyanyua, kama mtu anyanyuavyo sketi kuvuka tope.
Themanini.
Nikaiachia.
Themanini.

Taa zikachomoza upande wa Igawa.
Nikarudi kibandani kutafuta miwani.