Pengo

Odilon hakutaka nyumba.
Aliniandikia kutoka Rimouski, Januari, mistari michache tu:
kazi yake kulinganisha sauti za piano,
ana programu ndogo aliyoiandika mwenyewe kwa Skimu
ya kukumbuka kila piano na maradhi yake,
na sasa anataka mahali pa kuandika, humo humo ndani.
"Dirisha, Ghislaine. Vihariri vyote nilivyojaribu,
ukiviomba kigoda vinakuletea ukumbi, wapishi na bwana harusi."

Nilicheka peke yangu juu ya duka la dobi,
hapa Chicoutimi, mashine zikizunguka chini ya nyayo zangu,
mto Saguenay umefunga mdomo kwa barafu.
Nikafungua bano.

Huanza na pengo.
Asiyejua hudhani maandishi ni uzi mmoja.
Siyo. Ndani ya kumbukumbu ya mashine
nimeyakata vipande viwili,
yaliyo kabla ya kielekezi na yaliyo baada,
na katikati nimeacha nafasi mia mbili hamsini na sita
zisizo na kitu.
Ukiandika herufi, utupu unapungua kwa moja.
Ukirudi nyuma, herufi zinalivuka pengo moja moja
kama wagonjwa wanaosogezwa kwenye benchi la hospitali.
Mwandishi haoni. Yeye huona neno limekaa zima.
Lakini kila anapoandika anaandika pengoni;
hapana pengine pa kuandikia.

Tena maktaba ya kupachikwa hulala nyumba ya watu.
Isihamishe samani, isichague rangi ya kuta,
isishike kibodi kama mali ya urithi.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni:
nikaifunga kamba, lamda moja nyembamba,
nikamwachia mwenyeji ncha yake.
Neno likisogea, kamba inatikisika.
Basi.
Niliongeza menyu, nikaifuta.
Niliongeza saa ya pembeni, nikaifuta.
Niliongeza rangi za maneno, na hizo,
Mungu anajua, zilipendeza,
nikalala nazo usiku mmoja kabla ya kuzifuta.

Mistari mia tisa. Mabano ya kufungia
yamejipanga mwishoni kama sahani zilizooshwa:
))))))
Mama akapita na supu ya njegere, akachungulia kioo.
"Mbona inatabasamu kiubavu?"

Machi, Odilon akaipachika.
Akaandika jina la mteja wa kwanza, Hélène Ruest,
na kielekezi kikaenda kusimama ndani ya herufi,
kati ya e na alama yake ya juu.
Akafuta mara moja. Alama ikaanguka, e ikabaki
kichwa wazi kwenye baridi.
"Huku kwetu," akaniandikia, "huyo ni mtu mwingine."

Wiki tatu. Nilikuwa nikihesabu vipande
nikidhani nahesabu herufi;
jicho linaona moja, mashine inaona mbili.
Nikajifunza kuhesabu upya,
mimi binti wa Thérèse, mwenye alama mbili jinani,
mimi niliyepaswa kujua.

Jana ametuma faili lake lote, nilijaribie.
Piano mia na kumi na nne. Panya ndani ya moja.
Nyundo zilizoliwa na nondo. Deni la dola arobaini.
Nikashuka kwa mshale, mstari kwa mstari,
nikitazama kama kielekezi kinateleza au kinajikwaa,
hadi kwa Hélène, alama zake zote mbili zipo:

*Do ya tatu inakwaruza kama mlango.
Hataki niiguse. Marehemu mumewe
aliizoea hivyo.*

Kielekezi kikapepesa hapo, baada ya nukta.
Mbele yake pengo langu, lisiloonekana, tupu, tayari.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Chini, mashine moja ya dobi ikamaliza mzunguko wake, ikanyamaza.

Sikuongeza kitu. Nikafunga bano.