Wikio

Swabra alianguka Marikiti, saa tano na nusu,
baina ya gunia la bizari na gunia la pilipili manga.
Mkono wa kushoto ndio ulioanza, kawaida yake,
vidole vikihesabu kitu nisichokiona,
kisha macho yakapanda juu, yakatuacha.

Watu wakaja. Watu huja.
Mmoja akavua kiatu: Mnusisheni!
Mwingine akapasua kitunguu kwa meno.
Mbwarahaji muuza karafuu akawasha kiberiti, akakizima,
akauleta moshi wake kiganjani
kama aliyebeba kifaranga.
Wote puani. Hakuna aliyeuliza moyo, hakuna aliyeuliza miguu.
Mji mzima wajua mlango ulipo.

Zamani nilikuwa nikimbeba hadi nyuma ya meza ya mtu,
nimvue, nimgeuze,
nimtie dawa kwa njia ambayo binti wa miaka tisa
hataki itajwe hata na mamake.
Akizinduka halilii kifafa.
Huuliza: Nani aliniona?

Leo nina kichupa mkobani, baina ya tasbihi na funguo,
urefu wake kidole cha shahada.
Nesi Kadzo wa kliniki ya Tudor ndiye aliyenifunza,
akachora nyuma ya kadi kwa kalamu inayokatakata:
hiki kichwa, hii damu, hawa mabawabu.
Ubongo, mama, ni nyumba ya watu na heshima zao.
Damu ikibisha mlango mkuu huulizwa: U nani? Umetumwa na nani?
Dawa nyingi hulala barazani mpaka kukicha.
Lakini huku juu kabisa, kwenye paa la pua,
(kalamu ikagoma, akaipulizia)
kuna neva nyembamba, zimepenya mfupa wenye matundu kama kung'uto.

Wikio, nikamkata kauli.
Hakulijua neno; kwao Ganze nyumba hazikupanda juu.
Nikamweleza nyumba ya bibi yangu, Kibokoni:
kidaraja cha ghorofani, juu ya kichochoro,
wanawake wakipitishana sinia, mtoto, habari ya posa,
na chini mlango wa mbele umekomewa, bwana amelala.
Akacheka. Ndiyo hilo. Ila usiape, mama.
Dawa hii nyingi yake huingia damuni papo hapo puani,
na mabawabu wameshaizoea sura.
Inayovuka kwa wikio lako ni kiasi gani,
wanaosoma bado wanabishana.

Nilimpenda kwa kule kutojua.

Basi pale Marikiti nikasema: Rudini nyuma.
Nikamlaza ubavu, nikamfunika buibui langu.
Tundu moja. Pwi.
Nikahesabu. Mbwarahaji akahesabu nami, kwa sauti,
kama apimaye kilo ya mteja asiyemwamini.
Mia na arubaini na mbili.
Vidole vikapoteza hesabu yao.
Macho yakashuka, yakatafuta, yakanipata.

Jioni bibi akapewa habari. Mwanamize huyo,
umri wake wote alitufukiza:
ubani kwa homa, vuke la majani kwa mafua,
na mambo mengine chetezoni ambayo hatukuambiwa.
Akakishika kichupa, akakinusa mdomo.
Hakina harufu, akasema, kama aliyepunjwa.
Dawa isonukia itajuaje njia?
Nikakosa la kujibu.
Akakirudisha mkobani mwenyewe, akafunga zipu,
akaijaribu tena kama imefunga.

Swabra, usingizi ungali machoni,
alisema koo lina uchungu kwa nyuma,
na kwamba bado yuanusa bizari.
Kisha: Nani aliniona?

Wote, mwanangu.
Walikuona umelala,
na mama amekugusa pua.

Akajigusa pua.
Basi?
Basi.