Akiba Haiozi

Matundu sita, na Mama alitunza matano tu.
La sita lilikaa tupu, nyundo ilale hapo,
maana nyundo, alisema, ni kama mbwa wa jirani:
usimwamini hata akisinzia.

Kila mwaka, baridi ya kwanza ilipong'ata nyasi za Kansas,
aliishusha bastola ya Baba kutoka kwenye boriti,
akaifungua kitambaa chake cha gunia la unga.
Nta na shahamu ya kondoo, kijiko kimoja cha bati:
nta ikizidi, hupasuka Januari;
shahamu ikizidi, hutoka jasho Julai na kuilowesha baruti.
Alitoka jikoni na kijiko hicho akinyata
kama aliyebeba yai la kuazima.
Tone kwa kila tundu. Tone. Kisha kidole gumba.
Mimi nilishika taa, hatua nne nyuma.
"Hapo hapo, Luvenia. Mwanga una miguu, utafika wenyewe."

Baba ndiye aliyeyajaza,
Tennessee, usiku walipochoma shule yetu ya mbao.
Alipima baruti kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi,
akashindilia risasi za mviringo, moja moja,
na kila moja ikamenyeka pete nyembamba, yenye kung'aa.
Nikaiokota mojawapo sakafuni, nikaivaa.
Kisha akatoka mara moja kumtazama punda.
Bastola ikabaki mezani.
Lem Crutcher alikuwa nje na wenzake watatu.

Bwana Isom Purdue, aliyerudi vitani na sikio moja,
alimwambia Mama kila Pasaka:
ifyatue, uijaze upya. Baruti kuukuu
ni kama ahadi ya mtu wa kampeni.
Mama alimkatia mkate wa mahindi, kipande kikubwa.
"Baruti hii," akamwambia, "imepimwa na mtu."

Mwaka wa kumi na mbili barua ikaja:
Crutcher amekufa kwa homa ya matumbo, kitandani pake,
mashuka safi, mchungaji pembeni.
Mama akaikunja ndani ya Biblia, kwenye Ayubu,
akaniuliza kama shahamu imeyeyuka.
Kesho yake akanunua fataki mpya kwa pesa za mayai.
Miaka ishirini na mmoja zaidi.

Akiba haiozi, husemwa.
Lakini ni nani aliyewahi kwenda kuijaribu?

Tulimzika Machi. Jumatatu yake nikaipeleka mtoni,
nikafumba macho kama mpumbavu.
La kwanza: tik. Fataki peke yake,
kama ulimi wa mtu anayesikitika.
La pili likaamka.
Moshi mweupe, harufu ya yai viza,
farasi wa Purdue akakata kamba akaelekea reli.
La tatu nalo.
La nne lilinyamaza. Nikahesabu moja, nikaanza kuugeuza mtutu
niuchungulie, ndipo likalipuka
na kuondoka na ukingo wa kofia yangu.
Mama angenichapa, na mvi zangu hizi.

Nilikaa topeni hadi magoti yakakubali.

Lile la kwanza nililichimbua nyumbani kwa skrubu.
Baruti ikamwagika kavu kabisa, punje kwa punje,
nyeusi kama mbegu za kitunguu.
Nikaipeleka bustanini. Ina shura; mboga huipenda.

La tano sikulipiga.

Novemba hii nimeyeyusha nta na shahamu kwa kipimo kilekile,
maana mkono haujui kupika kidogo.
Tone moja. Kidole gumba.
Kinachobaki kijikoni napaka viatu.