Pikipiki ya Ejoku

Stika ya kodi ilikufa Januari.
Ejoku akasema, "Kesho,"
akailisha kesho hiyo petroli hadi Juni.

Sasa pikipiki imelala katika ua wa polisi, Soroti,
miongoni mwa nyingine mia zisizo na karatasi.
Kila usiku inaolala pale una bei yake;
deni linaamka limenenepa kuliko chombo chenyewe.

Ijumaa anakuja na kitambaa,
anafuta kioo, anafuta namba
ambayo serikali haiitambui tena.
Kunde zimetambaa kwenye spoki.
Askari anapiga miayo:
"Chuma mboga, hizo hazina ushuru."

Anachuma.
Jioni Asekenye anauliza pesa za leo ziko wapi.
Anamwekea majani kwenye ungo,
bado yananuka oili.