Haya

Ilirudi inang'aa,
sahani yangu ya bati yenye ua jekundu,
imesuguliwa hadi kwenye ukingo uliobambuka,
na ndani yake hamna hata limau.
"Asante, mama. Chumvi ilizidi."
Akageuka, akashika njia ya Bombo,
viatu vyake vya kazi vikilia uani kwangu.

Mimi, Mwanaidi binti Kilua, nikasema, "Haya."

Kama umezaliwa Ngamiani
hiyo haya umeshaisikia, na mgongo umekusisimka.
Rhobi alizaliwa Tarime.
Alisikia haya, akadhani ni haya.

Miezi saba.
Nilipeleka vitumbua, ikarudi sahani.
Nilipeleka wali na samaki wa kupaka,
vikarudi bakuli na sahani, kimoja ndani ya kingine,
vikavu, vimenyamaza.

Wala msinisingizie kwamba sikusema.
Nilisema! Nilimuuliza kama kwao ndizi zinastawi.
Nilisifu, kwa sauti, mpangaji aliyemtangulia,
marehemu, mkono wake ulivyokuwa mwepesi.
Mwisho nikafungua sanduku, nikatoa leso
iliyoandikwa *Mkono mtupu haulambwi*,
nikapita mlangoni pake mara tatu,
mara ya nne nikainama kuokota ufagio usioanguka
ili maandishi yamkae usoni.

Akasema, "Kitenge kizuri. Bei gani?"

Kitenge.

Na ukimwambia karibu tule,
anakaa, ananawa, anakula.
Hakatai kwanza. Hata mara moja ya kupigia mfano.
Asubuhi anasema, "Nipe ndoo,"
kabla hata hatujaulizana usiku ulikuwaje.

Mfungo Saba, kaka yangu Mbwana akalala na mguu.
Kidonda kidoleni, na sukari yake ile.
"Hajambo kidogo," tukasema.
Waliokuja kumtazama walileta machungwa ya Muheza,
wakamwambia, "Leo una nuru,"
huku ncha ya ushungi iko puani,
kwa adabu, kana kwamba wanafuta jasho.
Na sisi tukajibu, kwa adabu,
kwamba joto la mwaka huu halina mfano.

Rhobi alipiga hodi moja, akaingia na sare yake.
Hakuuliza hali. Aliinama, akanusa.
"Kidole kimeoza. Mkingoja kesho, utaondoka mguu."

Mbele ya mgonjwa!
Shangazi Mwantumu akashika kifua.
Nilikuwa nimeshainuka kumtoa nje kwa mkono wangu
pale Mbwana alipocheka, wiki ya pili hajacheka,
akasema, "Alhamdulillahi.
Amepatikana mtu mwenye pua."

Bajaji ikaitwa. Kidole kilibaki Bombo.
Mbwana alirudi, na leo anachechemea akienda kwenye bao
na kuwasimulia watu kuhusu pua,
kila siku pua inakuwa ndefu zaidi.

Usiku ule aliporudi tulikaa barazani, Rhobi na mimi.
Maneno yalinitoka kama mwiba, yakiwa na damu kidogo:
"Rhobi. Sahani hairudishwi tupu."
Akanikodolea. "Mbona hukusema?"
"Nimesema miezi saba."
Akawaza. Nikamwona anarudi nyuma, anapita
kwenye ndizi, marehemu, ufagio.
"Kumbe ile leso," akasema.
"Kumbe unajua ni leso."

Halafu akaniambia, akiitazama mikono yake:
"Kwa mama yangu, ukirudisha chombo na kitu
umelipa. Mmemalizana.
Mimi sikutaka tumalizane."

Mji mzima una methali, na mimi nilikosa hata moja.
"Haya," nikasema.

Alinitazama usoni, polepole,
kama anayesoma kipimajoto.
"Hiyo," akauliza, "ni haya ipi?"